Umehamia mji mdogo wa barabarani? Soma hii kabla hujamaliza kufungua mizigo

Nipo Ilula mwaka wa kumi na moja sasa, hapa Kilolo mkoani Iringa, ukitokea Dar ukishamaliza kupanda mlima Kitonga unaanza kuona meza za nyanya kushoto na kulia ndo hapo hapo. Nilikuja kumfuata mume wangu, yeye ni fundi wa malori, mimi mtoto wa Temeke nilikuwa sijawahi kuishi mahali ambapo jirani anajua leo umepika nini. Kila mwaka naona watu wanahamia huku, walimu wapya, manesi, vijana wa uwakala, mabinti wanaokuja kufungua saluni, na wengi wanaondoka mapema wakisema mji umelala na watu wake wana roho mbaya. Roho mbaya hawana, ni kwamba hakuna aliyewaelekeza wale wageni wanaingiaje, basi leo naelekeza, na nikisema Ilula wewe weka mji wako, maana kuanzia Mikumi mpaka Tunduma maisha ya barabarani yanafanana sana.

Cha kwanza kabisa, kabla hata hujalipa kodi, jiulize gari zinasimama hapa kwa sababu gani. Hii barabara yetu ya TANZAM, ya kutoka Dar mpaka Zambia, wazee wa hapa wanaikumbuka ikiwa vumbi tupu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Zambia ambayo haina bahari na mafuta yake yalikuwa yanapitia huko ikakatiwa mafuta, ikabidi petroli ipakiwe kwenye mapipa Dar ipandishwe huku kwa malori, milima hii hii, matope ya masika haya haya, na madereva wengi waliishia njiani. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar mpaka Zambia, likaanza kazi 1968, lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 70, na reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970 mpaka 1975. Miji yetu mingi ilikua pale dereva alipolazimika kusimama, chini ya mlima apoze injini, juu ya mlima aangalie breki, njia panda ashushe abiria, kwenye mizani asubiri foleni.

Sasa mji unaoishi kwa sababu ya mizani peke yake au stendi peke yake uwe nao makini, maana siku mizani ikihamishwa au mabasi yakibadili sehemu ya kulia chakula unabaki na mabanda matupu. Mji wenye kitu nyuma yake ndo wa kuweka mizizi. Ruaha Mbuyuni ina vitunguu, sisi tuna nyanya, Mafinga wana mbao za Sao Hill, Makambako ni njia panda ya kwenda Njombe na Songea na TAZARA inapita hapo hapo, ukienda mbele Chimala na Igurusi kuna mchele wa bonde la Usangu. Kama unataka kufungua biashara usihesabu gari zinazopita, kaa siku tatu uhesabu zinazosimama, na uangalie abiria wakishuka wananunua au wanachimba dawa tu na kupanda.

Ukipata fremu usikimbilie kulipa. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza eneo la hifadhi la barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande, na mafremu mengi yanayong'aa pale mbele yako ndani ya hizo 30. Kama kuna alama ya X ya kubomolewa ukutani, hata kama imepakwa rangi juu, ikwangue kidogo uone na umuulize mwenye nyumba bila aibu. Nimeona mtu ameweka kaunta ya vioo, friji, kila kitu, alafu miezi minne baadae anaambiwa abomoe. Kwa chumba cha kulala mimi nakushauri ingia ndani kidogo, mstari wa tatu au wa nne kutoka lami, maana semi ikiwa inashuka na gia nzito saa nane za usiku na wewe kitanda kipo ukutani hutalala wiki nzima, na kama una watoto wadogo ndo kabisa usikae ukingoni. Tena watoto uwafundishe wewe mwenyewe kuvuka, uwashike mkono asubuhi na jioni wiki mbili nzima, usiwaachie dada wa kazi ambae na yeye kaja juzi.

Haya, umeshaingia. Wiki ya kwanza nenda kwa balozi wako wa nyumba kumi. Najua vijana wa mjini wanaona mambo ya balozi yamepitwa na wakati, ni mfumo wa tangu enzi za TANU miaka ya 60, lakini huku balozi ndo anajua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani kaibiwa kuku, na siku umepata shida usiku ndo mlango wa kwanza utakaogongwa. Kutoka kwake nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji, upeleke barua ya utambulisho kama unayo, useme jina lako, kazi yako, unaishi kwa nani na kwenu ni wapi. Usiende na soda wala hela, nenda na heshima na muda wa kukaa, maana ukitaka kuondoka baada ya dakika tano umeharibu. Kaa, ukiletewa ugali nawa mikono ule.

Kuhusu salamu nitakuwa mkali kidogo. Huku mtu hapiti mbele ya mtu akiangalia simu. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, hata yule mzee wa kuchunga mbuzi, na kama upo Uheheni jifunze kusema "kamwene", ndo salamu ya Kihehe, utaona uso wa mtu unavyofunguka, na ukishaanza kuitwa mnyalukolo, yaani ndugu, ujue umeanza kuhesabika. Salamu ya huku ni ndefu, umeamkaje, watoto hawajambo, mume yupo, shamba linaendeleaje, mvua kwenu imefika, unaijibu yote na wewe unauliza yote. Mimi mwanzoni niliona inanichelewesha sokoni, kumbe ndani ya ile salamu ndo nilikuwa naambiwa nyanya zimeshuka bei, maji yatakatika kesho, na kuna nyumba nzuri inaachwa mwezi ujao.

Sehemu nzuri ya kujuana na watu kama ni mwanamke ni mashine ya kusaga. Peleka mahindi yako mwenyewe, usimtume mtu, panga debe lako kwenye foleni ukae kwenye kivuli na wenzako. Wanaume wana vijiwe vyao, kahawa, bao, gereji, na wengine kilabuni kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, wakati wa masika, huko mimi siendi lakini mume wangu anasema kazi zake nyingi za kwanza alizipata akiwa kakaa tu kijiweni anasikiliza dereva gani gari lake linavuta upande.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, msiba. Kama utasoma kipande kimoja tu cha andiko hili soma hiki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huku kwetu hilo jembe mara nyingi unakabidhiwa makaburini. Mtu akifa mtaani kwako, awe unamjua au humjui, unaenda. Siku ile ile. Kama ni mwanaume unauliza wanachimba saa ngapi na unashika zamu, na usije na viatu vya kazini ukasimama pembeni umekunja mikono, watu wanaona na hawasahau. Kama ni mwanamke unajifunga khanga unaingia jikoni, kuna maji ya kuchota, kuni za kupanga, mchele wa kuchambua, vyombo vya kuosha, chagua chochote ushike bila kusubiri kuambiwa. Mimi nina khanga mbili zimekunjwa nyuma ya mlango hazina kazi nyingine. Mchango unaandikwa kwenye daftari, toa kile unachoweza na usione aibu kama ni kidogo, elfu mbili na mikono inayofanya kazi inazidi elfu ishirini ya mtu ambae hakuonekana. Na usiondoke baada ya mazishi, rudi jioni ukae hata saa moja, ile jioni ya kwanza baada ya kuzika ndo nyumba inakuwa tupu kweli kweli.

Nalisema hili kwa sababu mimi nililikosea. Mwaka wa kwanza jirani yangu wa nyumba ya tatu alifiwa na mama yake, mimi nikatuma elfu tano kwa simu nikabaki ndani, nilijiambia simfahamu vizuri na nina mtoto mdogo. Haikupita miezi miwili, mume wangu yupo Tunduma kwenye gari lililoharibika, saa tisa usiku mtoto akashikwa na degedege. Nilitoka nje na mtoto mkononi sijui niende wapi, mlango wa karibu wenye taa ulikuwa wa yule yule mama. Alitoka hajauliza kitu, akamchukua mtoto, mwanae akakimbia barabarani na tochi kusimamisha gari, ikasimama IT moja, hizi gari zinazopelekwa nchi jirani, iliyokuwa inaelekea Zambia, dereva wala hatumjui, akatufikisha hospitali na hakuchukua hata shilingi. Yule mama alikaa na mimi mpaka kesho yake saa nne, alikuwa ameacha na mandazi yake hayajakaangwa. Wiki iliyofuata nilienda kumuomba msamaha kuhusu msiba wa mama yake, nililia sana, akaniambia "mwanangu, ulikuwa hujafundishwa tu." Na akanipeleka yeye mwenyewe kuniandikisha kwenye chama cha kufa na kuzikana, na huyo ndo bibi wa watoto wangu mpaka leo.

Chama chenyewe kinaendaje, kila kaya inatoa kiasi kidogo kila mwezi, kuna turubai, sufuria kubwa, viti vya plastiki, daftari na mweka hazina. Ukiingia uliza mambo haya mapema, wanahesabu wategemezi wangapi, wazazi wako walioko mbali wamo au hawamo, ukichelewa mchango miezi mingapi unafutwa, na sufuria zikipotea analipa nani. Kuuliza si dharau, wanapenda mtu anayeuliza, ugomvi mwingi nilioona unatokana na watu waliokubali kwa kichwa alafu siku ya siku wanasema hawakujua.

Vikoba ni kitu kingine na usivichanganye na hicho. Vikoba ni hisa na mikopo, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, na mara nyingi mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Usiingie mwezi wa kwanza. Hudhuria kwanza kama mgeni uone wanafungua sanduku mbele ya watu au kuna mtu mmoja tu anajua hesabu. Na kwa miji ya mazao kama huu wetu usikope kwa kutegemea bei ya leo ya nyanya, msimu ukifika kila mtu anavuna, tenga linashuka mpaka watu wanamwaga, mkopo wenyewe haushuki. Mwaka ambao bei ilianguka vibaya kikundi chetu kilikaa kikaongeza muda kwa wote, na tuliweza kwa sababu tunajuana, nani kweli hana na nani anajificha.

Kama unauza barabarani, na huku karibu kila mtu anauza kitu, zingatia haya. Chenji iwe tayari mfukoni, basi linasimama dakika chache na abiria hatakusubiri ukaombe chenji dukani. Usikimbilie basi kabla halijasimama kabisa, ndoo ya nyanya inarudishwa, mguu haurudi. Kuna zamu za kusogea dirishani, hazijaandikwa popote ila zipo, muulize mwenzako aliyekutangulia. Usishushe bei kwa siri ili umalize wewe kwanza, utamaliza leo na kesho utauza peke yako huna wa kukulindia meza ukienda chooni. Na tafadhali sana, nyanya za chini ya ndoo ziwe sawa na za juu. Abiria akifika Dar akakuta chini zimeoza hatasema fulani kaniibia maana jina lako halijui, atasema Ilula wameniibia, na wanaoumia ni wote wenye meza pale. Sisi tulikaa kikao kwa ajili ya hili, anayepanga nyanya mbovu chini anaambiwa mbele ya wenzake, akirudia meza yake inahamishwa mwisho kabisa wa mstari.

Kuhusu ajali. Ukikaa barabarani utaziona, Kitonga iko karibu, hakuna namna. Wafundishe watoto na wageni wako kwamba tenki la mafuta likianguka mtu anakimbia kwenda mbali, hakuna cha dumu wala ndoo. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Morogoro, barabara hii hii, watu walisogelea lori la mafuta lililopinduka likalipuka, wakafa zaidi ya 100, na wengi walikuwa watu wa kawaida kabisa waliosogea kuchota au kuangalia. Gari la mizigo likipinduka kazi ni kutoa watu, kupiga simu polisi, kuweka matawi ya miti barabarani mbali kidogo pande zote mbili ili gari nyingine zipunguze mwendo. Mzigo si wetu. Kuna mwaka dereva Mkongo alilazwa hapa wiki nzima kavunjika mguu, Kiswahili chake cha Lubumbashi tunakielewa nusu nusu, wamama wa jumuiya wakagawana siku za kumpelekea uji na ugali na vijana wakalinda gari lake kwa zamu. Sasa hivi akipita anapiga honi ndefu kuanzia kule juu na anashusha sabuni na chumvi kwa yule aliyempikia siku ya kwanza.

Mabadiliko yakija kaeni pamoja mapema. Zamani mabasi yote ya Dar yalikuwa yanaondoka alfajiri kwa hiyo mchana mnajua kabisa wateja wanafika saa ngapi, mnapika kwa hesabu. Serikali iliporuhusu tena mabasi ya usiku 2023 ile hesabu ikavurugika, sufuria za mchana zikaanza kubaki. Wengine walitaka kila mtu akeshe na biashara yake, fujo tupu, mwisho mama lishe sita tukakubaliana zamu, wawili wawili usiku, moto mmoja, chai, supu na chapati, na mlinzi mmoja tunayemlipa wote. Anayekesha leo watoto wake wanalala kwa mwenzake. Hela si nyingi kama zile za mchana wa zamani, sitakudanganya, lakini hakuna aliyefunga. Kama mjini kwako wanasema barabara mpya itapita pembeni au treni itachukua abiria, usisubiri uone, itisheni kikao mkiwa bado mna hela ya kuchanga.

Kuna mambo madogo ambayo utayajua tu ukikaa. Siku ya gulio usipange safari, ndo siku utakayokutana na watu wa vijijini wote kwa pamoja. Kadi ya harusi ukiletewa usiipokee kwa uso wa deni, toa kadiri yako na uende ukacheze. Jumapili nenda jumuiya, kama ni Muislamu msikitini Ijumaa usiswali ukakimbia. Kuanzia Juni kuna baridi, nunua sweta kabla hazijapanda bei. Na umbea utausikia, mwingi sana, usiubebe kutoka nyumba moja kwenda nyingine, mji una barabara moja, utamkuta huyo mtu uliyemsema kwenye foleni ya mashine kabla jua halijazama.

Na siku ukihama, maana watumishi mnahamishwa, usiondoke usiku kama mtu anayekimbia deni. Maliza la gengeni, rudisha sufuria na viti vya chama, chukua hisa zako kwenye kikao mbele ya wote, muage balozi na wenye nyumba za kushoto na kulia, na umwachie mmoja wao namba yako ya simu ya kweli, ili akifa mtu uliyeshika nae jembe uweze kuambiwa siku hiyo hiyo na upande basi la usiku uje.